Nenda ukaione skuli saa ya mapumziko

Skuli aliyokua akisoma mwanangu haikua na kengele, ilikua na king'ora. Kile cha kulia kama ambulansi, kimefungwa juu ya mlango wa ofisi, kinalia mara tisa kwa siku, na yeye saa zote tisa anazijua kwa hivo dakika kumi kabla hakijalia ashatia vidole masikioni anangoja. Hamsikii mwalimu, haandiki, anangoja tu. Siku moja tunakula akanambia, "Mama, leo nimepoteza dakika tisini." Namuuliza umezipoteza vipi, akanipigia hesabu, kumi mara tisa. Alikua gredi ya saba wakati huo. Nikaenda kulia jikoni asinione, maana nilikua nshaenda kwa mwalimu mkuu mara tatu kwa ajili ya kile king'ora na kila nikienda naambiwa mama usijali, atazoea.

Hakuzoea. Alimaliza gredi ya tisa bado anatia vidole.

Mwanangu ana usonji. Ana miaka 15, anaongea vizuri, hesabu ndo raha yake, feri za Likoni anazijua moja moja kama watoto wengine wanavojua wachezaji wa mpira. Tulikuja kujua ni usonji akiwa na miaka sita, na kabla ya hapo tulipita njia zile zile wanazopita watu wengi wa hapa Mombasa, akanyweshwa kombe, yale maji ya aya, akavishwa hirizi, akasomewa, bibi yake mzaa baba akampeleka mpaka Msambweni kwa mzee mmoja aliyesema mtoto amechezewa. Simlaumu bibi yake hata kidogo, alikua anahangaika kwa mapenzi, na mpaka leo dua yake naitaka. Lakini nataka mzazi anayesoma hapa na mtoto wake ana miaka mitatu haitiki jina lake ajue, si jini, si jicho, si chanjo, na si kwamba mama alimuacha na simu sana. Ni ubongo ulivoumbika tangu mtoto yuko tumboni, na sauti, mwanga, nguo, harufu, mara nyingi vinamuingia kwa nguvu kuliko vinavotuingia sisi. Ukishalielewa hilo ndo utaelewa kwa nini leo naandika habari ndefu hivi juu ya kengele.

Sasa, skuli ya sekondari.

Watoto wa gredi ya tisa wa mwaka jana 2025 ndo walikua wa kwanza Kenya nzima kufanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, na ndo wa kwanza kuingia gredi ya kumi Januari hii ya 2026. Maana yake hakukua na mzazi aliyetangulia ukamuuliza shoga yangu wewe ulifanyaje. Fomu ilitaka tuchague skuli 12, na njia katika zile tatu, sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Wazazi wengine walikua wanakesha kwa njia gani, mie hilo lilinichukua dakika tano, mtoto wa hesabu ataenda kwenye hesabu. Mie nilikua nakesha kwa jambo jingine. Katika zile skuli zote kwenye orodha, ni gani mtoto wangu ataingia saa moja asubuhi akatoka saa kumi jioni akiwa mzima.

Niwaeleze kidogo mfumo ulivo kwa sababu kuna wazazi wananiuliza na naona wengi wamechanganyikiwa, na mie nilikua hivo hivo. Kwa mtoto mwenye ulemavu kuna njia mbili. Moja ni ile ya watoto wote, anapanda gredi kwa gredi kulingana na umri, anafanya mitihani ya wenzake lakini anarekebishiwa mambo, kama kuongezwa muda. Ya pili haina gredi, inaenda kwa hatua, hatua ya msingi, hatua ya kati, halafu ile ya kujitayarisha kwa ufundi na ya ufundi wenyewe, na huko mtoto anajifunza kujihudumia, kupika, kufuma, kushona, kulima, na tathmini yao ya hatua ya kati ni nyingine, inaitwa KILEA. Hakuna njia iliyo duni. Nina jirani, binti yake haongei na yuko njia ya hatua, anashona mikeka ambayo mie mzima siwezi. Kosa ni mtoto kutiwa njia isiyokua yake kwa sababu hakuna aliyemuangalia vizuri. Ndo maana nasema kabla hujaenda skuli yoyote nenda EARC, vile vituo vya serikali vya kupima watoto, viko tangu 1984, na ripoti kama ni ya zamani itisha mpya. Ripoti ya mwanangu ilikua ya alipokua na miaka saba, imeandikwa anapiga mayowe sokoni. Hapigi mayowe sokoni tena, sokoni haendi. Kwa ripoti ile skuli ingekua inampokea mtoto mwengine kabisa.

Na hapa Mombasa kuna pengo, lazima tuliseme. Tuna Likoni ya wasioona, tuna Ziwani ya viziwi, tuna Port Reitz ya walemavu wa viungo, tuna Tom Mboya ya watoto wa CP, yani mtindio wa ubongo, na hizi ni skuli za kujivunia. Kuna na yuniti, madarasa maalumu ndani ya skuli za msingi za kawaida, watoto wa usonji wengi wako humo. Lakini mtoto kama wangu, aliyefaulu mtihani wa kawaida ila hawezi mlo wa watu mia nne ndani ya ukumbi mmoja, akifika sekondari anakua hana mahali. Kwa skuli maalumu anaonekana yuko mbele sana, kwa skuli ya kawaida anaonekana mzigo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata elimu kwenye taasisi zilizochanganyika na jamii kwa kadiri inavomfaa. Nilikikariri kile kifungu. Nilitembea nacho kichwani skuli sita.

Skuli ya kwanza ilikua ya kulipia. Ofisi ina eisii, sakafu inang'aa, tukaletewa juisi ya ukwaju, madam akatuambia hapa kila mtoto ni mtoto wetu. Karo ni 75,000 kwa muhula, na kwa watoto "wa aina yake" mzazi anamleta msaidizi wake wa kukaa naye darasani, wale wanaoitwa shado, na mshahara wake mzazi mwenyewe anaujua. Babake akawa anapiga hesabu kwenye simu kimya kimya. Mie nikauliza swali langu moja tu, mwalimu, mtoto akizidiwa, kelele zimemjaa, anakwenda wapi? Akacheka kwa upole akasema mama, hapa hawazidiwi. Tukamaliza juisi tukashukuru tukaondoka, na kwenye tuktuk babake akasema ile ilikua bei ya juisi. Mie nilikua nafikiria lile jibu. Mtu anayesema kwake mtoto hazidiwi ni mtu ambaye mtoto akizidiwa mbele yake ataita ni utovu wa adabu.

Ya pili ilikua ya serikali, kubwa, ina jina, na mwalimu mkuu wake namheshimu mpaka leo. Mzee wa makamo, alitupa viti, akamsalimia mwanangu kwa mbali bila kumshika mkono, nikajua huyu kishaona watoto wetu. Akasema mama, darasa moja nina watoto sitini na zaidi, mwalimu mwenye mafunzo ya mahitaji maalumu hapa sina hata mmoja, nikikuahidi leo mwezi wa tatu utakuja kulia hapa hapa. Tulitoka mikono mitupu lakini sikutoka na uchungu, afadhali hivo kuliko kudanganywa.

Halafu likaja la bodi, skuli ya kulala huko huko. Shemeji yangu alilivalia njuga, ati mpeleke bara akakae bodini, akikaa na wenzake atachangamka, nyinyi ndo mwamuharibu kwa kumdekeza. Na si yeye peke yake, ukoo mzima ulikua hapo. Niliwaeleza hivi na narudia hapa. Mtoto huyu mchana kutwa anajizuia. Anajizuia kupeperusha mikono, anajizuia kuuliza swali mara ya tano, anajilazimisha kumuangalia mwalimu usoni na kwake ni kama kuangalia jua. Anapofika nyumbani saa kumi na nusu anavua viatu, anaingia chumbani, anawasha feni namba tatu, anajibembeza kitandani saa nzima bila kusema neno, ndo anarudi kua mtu. Hio saa moja ndo inayobeba siku nzima. Bodini hio saa hakuna. Kuna bweni la vitanda themanini na taa inayozimwa na mtu mwengine. Atajizuia siku moja, mbili, wiki, kisha atapasuka, na akipasuka usiku wa manane mbele ya vijana themanini wataitana kuja kutazama. Najua kuna watoto wa usonji bodi imewafaa, wanapenda ratiba na bodi ni ratiba tupu, alhamdulillahi kwao. Wangu namjua.

Skuli ya tatu sina la kusema, hawakutufungulia hata geti, askari alitupa namba ya simu na simu haikupokelewa.

Ya nne ndo ilinifunza. Nilikua na miadi saa tatu na nusu na dipyuti, yule naibu wa mwalimu mkuu, akachelewa, nikakalishwa kwenye benchi chini ya mwarobaini nje ya ofisi, na saa nne ikagongwa kengele ya mapumziko. Watoto wakatoka. Nikakaa pale dakika ishirini na tano natazama, na nikaona kitu ambacho ofisi zote hazikunionyesha. Walimu wote waliingia stafrumu kunywa chai, mlango ukafungwa, na uwanja mzima wa watoto mia tano ukabaki bila mtu mzima hata mmoja. Kijana mmoja mwembamba alikua anazunguka ukuta peke yake, anafika pembeni anarudi, anafika pembeni anarudi, na kila akipita mbele ya kikundi fulani anapigwa kofi la kisogo kwa mzaha. Nilihesabu makofi saba. Hakuna aliyeona. Kengele ikagongwa akarudi darasani na wenzake kama hakuna kitu.

Sijui yule kijana ana nini, huenda hana usonji kabisa. Lakini nikaelewa kwamba miaka yote hii nilikua nauliza habari za darasani, na darasani mwanangu si mbaya. Darasani kuna mwalimu mmoja anaongea, viti vimepangwa, kitabu kina kurasa zenye namba, somo linaanza na linaisha. Mapumziko hayana kitabu. Hujui nani atakuja, hujui atasema nini, hujui mpira utatokea wapi, unatakiwa ujue mwenyewe ukae na nani na useme nini, kila mtu kazaliwa anajua hayo isipokua wewe. Kwa mtoto wa usonji dakika ishirini na tano za mapumziko ndo somo gumu kuliko yote kwenye ratiba, na ndo somo lisilokua na mwalimu.

Dipyuti alipokuja nikamwambia samahani mwalimu nimepata udhuru, nikaondoka.

Baada ya pale nikabadilisha utaratibu. Sikupiga simu tena kuomba miadi ya saa tatu. Nikawa naenda saa nne kasoro, nasalimia askari, nasema nimekuja kuonana na mwalimu, nakaa nje, natazama mapumziko yote mpaka mwisho, kisha ndo naingia ofisini. Nilikua naangalia kuna mtu mzima yuko uwanjani au hakuna. Kuna kona ya kivuli ambayo mtoto akikaa peke yake haonekani kioja, au kila aliye peke yake anafuatwa. Laibrari iko wazi saa hio au imetiwa kufuli (mbili nilizoona zilikua na kufuli, vitabu vimekaa ndani kama vimefungwa jela, na mtoto wangu angelipa kuruhusiwa kukaa humo). Vyoo vikoje, maana vyooni ndo wanapopigwa. Foleni ya chai inapangwa na nani. Askari wa geti anawaita watoto kwa majina au anawafokea. Mpishi je. Nilijifunza kumuamini mpishi na askari kuliko bango la ukutani lenye maono na dhamira ya skuli.

Na ndani ofisini maswali yakawa madogo madogo. Kengele yenu ni ya aina gani. Tai ni lazima? Sweta ni lazima, kwa joto hili la Mombasa? Kazi za vikundi, maana mfumo huu mpya umejaa kazi za vikundi, mtoto anaweza kupewa kipande chake akafanya peke yake akaleta? Ratiba ikibadilika, mfano mwalimu hayuko, nani atamwambia na atamwambia lini? Siku moja mwalimu mkuu wa skuli ya tano alinambia mama maswali yako ni ya ajabu, wengine huuliza wastani wa matokeo. Nikamwambia mwalimu, wastani wa matokeo yake uko ndani ya hii kengele.

Ya sita iko ng'ambo, upande wa Likoni.

Sisi twaishi Ganjoni, kwa hivo kwenda skuli ile ni kuvuka feri kila siku kwenda na kurudi. Nilipomtajia mamangu alishika kifua. Feri! Ule umati, ule msukumano, honi, joto, na mtoto mwenyewe hawezi hata sauti ya blenda? Na ni kweli mtu yeyote angeshangaa. Lakini sikilizeni. Kwanza, asubuhi watu wote wanatoka Likoni kuja kisiwani kazini, na jioni wote wanarudi Likoni. Mwanangu anaenda kinyume nao. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi feri inayotoka upande wetu ina nafasi ya kusimama unapotaka, na saa kumi anaporudi bado msongamano wa wafanyakazi haujaanza. Jambo hili aliligundua yeye, si mimi, alikua analijua tangu ana miaka tisa kwa sababu kila Jumapili tulikua tunampeleka kupanda, tunavuka, tunarudi, tunavuka, tunarudi, bure kabisa maana mtembea kwa miguu halipi. Pili, kelele ya feri yeye anaijua. Anajua injini itanguruma vipi kabla haijanguruma, anajua ule mlango wa chuma utagonga saa ngapi. King'ora cha skuli kilimuumiza si kwa ukubwa wa sauti peke yake, ni sauti aliyofungiwa nayo ndani, kali, na hajui leo atakibonyeza nani na kwa muda gani. Watu hufikiri mtoto wa usonji anataka kimya. Huyu wangu hataki kimya, anataka kujua.

Basi tukavuka, mie na yeye, nikamchukua makusudi. Tukafika saa nne kasoro. Skuli ndogo, ya kutwa, mabati, kuta zimepauka kwa chumvi ya bahari, hakuna eisii wala juisi. Askari mzee akatukaribisha benchi, akamuuliza mwanangu umekuja na feri gani, na hapo ndo ikawa, akaelezwa, tumekuja na MV Kwale, ililetwa 2010 pamoja na MV Likoni, MV Jambo ilikuja 2017, na mzee akasikiliza mpaka mwisho bila kuangalia pembeni, akajibu yeye anaipenda Nyayo kwa sababu ya zamani. Mwanangu akakaa karibu yake. Jamani.

Kengele ya pale ni rimu ya lori imening'inizwa kwenye mti wa mkungu, inagongwa kwa chuma. Ilipogongwa mara ya kwanza vidole vilienda masikioni. Mapumziko yakaanza. Mwalimu mmoja wa kike alitoka na kikombe chake cha chai akasimama nacho uwanjani, akazunguka nacho, wakati wote yuko pale. Watoto watatu wanne walikua barazani kwa darasa la sanaa wanachora, hakuna aliyewafuata. Mwisho wa mapumziko mwanangu akainuka akaenda mpaka kwenye ile rimu akasimama anaitazama, na dipyuti akatoka akamuuliza wataka kuigonga wewe? Akamuonyesha, mara tano, polepole. Akaigonga. Hakuziba masikio. Tukiwa kwenye feri kurudi akanambia, "Mama, ile ni chuma. Sauti yake inaisha yenyewe."

Ofisini dipyuti hakuniahidi makubwa. Alisema mwalimu mwenye mafunzo ya mahitaji maalumu wanaye mmoja, ana darasa lake, lakini atamuangalia. Alisema chumba cha utulivu hawana, ila kuna stoo ya vitabu yenye dirisha na ufunguo uko kwake, mtoto akizidiwa aje na kadi asiseme neno, atafunguliwa. Nikamuuliza swali langu, akizidiwa anakwenda wapi, nalo likawa lishajibiwa kabla sijaliuliza.

Halafu Disemba matokeo yakatoka, akafaulu vizuri, hesabu kapata ngazi ya juu, na kompyuta ikampeleka bodi nje ya kaunti. Ilikua katika zile 12 tulizojaza. Usiku ule hakuna aliyelala nyumbani, yeye alikua anasoma jina la ile skuli kwa sauti mara kwa mara mpaka alfajiri. Dirisha la kuomba kubadilishiwa lilipofunguliwa tukawa tumeshakusanya kila kitu, ripoti mpya ya EARC, kadi yake ya baraza la watu wenye ulemavu, barua ya skuli ya Likoni kwamba wana nafasi. Wazazi, hii kadi itafuteni mapema, kuna kupimwa hospitali ya serikali, madaktari kutia saini, kufuatilia, si kazi ya siku mbili. Na ile ripoti ya EARC hifadhini nakala, maana ndo hio hio skuli itaihitaji wakati wa kumsajili kwa mtihani wa mwisho ili aongezwe zile dakika 30 na akae chumba cha peke yake. Hayaji yenyewe, lazima yaombwe wakati wa usajili, na usajili ukipita umepita. Tukabadilishiwa. Nilisujudu.

Kabla hajaanza niliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi. Nilishaona ripoti za kurasa kumi na mbili zinawekwa kwenye faili hazisomwi. Nikaandika: anapenda feri na hesabu. Usimshike bega kwa nyuma. Akitazama ukutani anakusikiliza. Ukimwambia "ngoja kidogo" mwambie dakika ngapi. Akipeperusha mikono anajituliza, muache. Akirudia swali hakuchezei, ana hofu, mjibu kwa maneno yale yale. Hali vyakula vilivochanganywa. Nikapiga nakala ishirini, nikampa kila mwalimu, nikampa askari, nikampa mpishi. Mwanangu alisoma kwanza, akafuta sentensi moja niliyoandika kwamba hana marafiki, akasema anao, ni wachache. Nikaona kweli, nikaandika upya.

Leo ni wiki ya tatu. Si kila siku ni nzuri. Wiki ya kwanza alitumia kadi ya stoo mara kumi na moja, alizihesabu mwenyewe, wiki ya pili mara sita. Kuna kijana alimnyang'anya daftari la feri, likarudishwa limechanwa kurasa mbili, na bado hataki kusema lile jambo. Siku moja feri iliharibika katikati ya mkondo wakasimama nusu saa na mie niko nyumbani nimeshika simu nasoma Ayatul Kursi, kumbe yeye alikua anawaeleza abiria kinachotengenezwa. Yunifomu bado ni vita, lebo nakata zote lakini ile kola mpya inamkuna, naloweka mashati kila usiku yalainike.

Chakula ndo nilikua naogopa zaidi. Pale mchana ni githeri, na githeri ni mchanganyiko tupu, kwa hivo nilikua nampakia wali mweupe kwenye mkebe kila asubuhi na kila jioni unarudi nusu. Alhamisi ukarudi umejaa, haujafunguliwa. Nikajua hajala, nikaanza kuuliza, nani kakuudhi, kumetokea nini. Akasema hakuna kitu, amekula. Umekula nini? Githeri. Sikuamini, Ijumaa nikavuka mwenyewe na feri ya saa sita nikaenda mpaka jikoni kwa yule mama, nikamkuta amepachika ule ukurasa wangu kwa msumari juu ya jiko, umeshalowa mafuta. Nikamuuliza. Akanambia mama, kwani kazi gani, nachemsha mbalimbali kabla sijachanganya, namtolea yeye mapema. Mahindi sahani yake, maharagwe sahani yake.